Kaka anataka 98, mama anasoma 90: nimsikilize nani?

Shikamoo Sista,

Mimi ni kitinda mimba katika familia ya watoto wanne, naishi na mama yetu Njombe, nje kidogo ya mji. Mama ana miaka 67. Amepika kwa kuni tangu usichana wake, na zamani, kabla sijazaliwa, aliugua kifua kikuu akatibiwa akapona. Miaka ya karibuni alianza kukohoa makohozi kila asubuhi na kuishiwa pumzi akipanda kilima cha kutoka shambani. Tulizunguka sana. Tuliambiwa ni pumu, ni baridi, ni uzee, mpaka alipopulizishwa ile mashine ya kupima mapafu kwenye hospitali ya rufaa. Daktari akasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, ule wanaouita COPD. Akatueleza kwamba sehemu iliyoharibika hairudi, ila akifuata dawa anaweza kuishi vizuri. Ana dawa mbili za kuvuta, ile ya bluu ya kutumia akibanwa na nyingine ya kila siku.

Shida imeanza tangu kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, atutumie kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole. Najua nia yake ni njema. Lakini tangu kifike, nyumba haina amani. Kila siku saa tatu usiku anataka nimtumie namba kwenye grupu la familia. Mama anasoma 90 au 91, mara chache 92. Kaka anajipima mwenyewe anapata 98, anaweka picha, kisha anauliza mbele ya wote kwa nini mama anaachwa bila hewa. Dada zangu wananyamaza. Mimi ndiye ninayekaa na mama, kwa hiyo lawama yote ni yangu.

Kliniki ya mwisho daktari alisema 90 kwa mama si mbaya, tuangalie tu asishuke chini ya 88. Alisema kwa haraka, foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza zaidi. Kaka nilipomwambia hakukubali. Anasema mtu mzima anatakiwa awe na 95 kwenda juu, kila mahali imeandikwa hivyo. Sasa anatafuta mashine ya oksijeni iliyotumika, na anasema ikifika tutaipandisha mpaka mama asome 98.

Mimi silali. Naamka usiku wa manane naingia chumbani na tochi, nambana mama kidole akiwa usingizini. Juzi kilisoma 86. Nilimwamsha nikitetemeka, akaniuliza kuna nini, anaongea vizuri tu. Alipoketi nikampima tena ikaja 91. Kuna usiku kipimo hakisomi kabisa, vinatokea vistari, hasa mikono yake ikiwa imepoa. Baridi ya sasa ni kali, kwa hiyo tunamwekea jiko la mkaa chumbani mpaka apitiwe na usingizi, na nimeona siku hizo namba inakuwa nzuri zaidi, 93 hata 94.

Mama mwenyewe amechoka. Jana alificha mkono chini ya blanketi akasema, "Mnanihesabia siku?" Nilitoka nje nikalia.

Sista, nikimbilie hospitali ikisoma ngapi? Nimpime mara ngapi? Hiyo mashine tununue? Na kaka nimwambieje, maana ni mkubwa wangu na siwezi kubishana naye.

Kitinda Mimba, Njombe

* * *

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa lawama unazobeba juu ya kuuguza huko.

Kabla sijagusa hata swali lako moja: toa jiko la mkaa chumbani kwa mama. Leo, kabla hajalala. Umelitaja kwa kupitia tu, lakini katika barua yako yote hilo ndilo lililonitisha. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo imeua watu wenye mapafu mazima waliolala na jiko ndani, sembuse mama yako.

Na kile kipimo hakiwezi kukuonya juu yake. Chukulia chembe nyekundu za damu kuwa ni daladala zinazopakia oksijeni mapafuni na kuishusha mwilini. Kipimo hupitisha kwenye kidole mwanga mwekundu pamoja na mwanga mwingine usioonekana kwa macho, na kwa jinsi damu inavyoufyonza mwanga huo, kinakadiria ni asilimia ngapi ya viti vimekaliwa. Kaboni monoksaidi inakalia viti vile vile, tena inaving'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kipimo kinaona kiti kimejaa, hakijui aliyekaa ni nani. Zile 93 na 94 zako zinaweza kuwa zimetokana na vidole kupata joto tu, lakini zinaweza pia kuwa ni gesi hiyo inayojifanya oksijeni, na kwa kutazama kioo huwezi kutofautisha. Mama akiamka na kichwa kinauma, kichefuchefu au kizunguzungu, au nawe uliyelala chumba cha pili ukajisikia hivyo hivyo, tokeni nje kwenye hewa haraka na mwende hospitali, mkiwaeleza wazi kwamba mlikuwa na jiko ndani.

Kumpa joto zipo njia nyingine: soksi, sweta, blanketi la pili, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa asiungue. Jiko libaki nje.

Maadamu nimezitaja daladala, nimalize na jambo jingine ambalo kipimo hakilioni. Kinatazama viti, hakihesabu magari. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 97 huku mwili wake unakosa oksijeni, kwa sababu magari yenyewe ni machache. Mama akiwa anachoka kupita kiasi na namba haijabadilika, omba apimwe wingi wa damu.

Sasa tuje kwenye 90.

Kaka yako hajakosea kwamba imeandikwa 95 kwenda juu. Imeandikwa hivyo kwa mtu mwenye mapafu mazima, na aghalabu kwa anayeishi karibu na usawa wa bahari. Yeye yuko pwani. Nyinyi mko zaidi ya mita 1,800 juu. Hewa ya Njombe ina oksijeni asilimia 21 sawasawa na ya Dar es Salaam, ila huko juu mgandamizo wa hewa ni takriban nne ya tano ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi. Hata wewe, kijana mzima, ukijipima hapo unaweza kujikuta chini ya kaka yako kwa pointi mbili tatu. Jipime umtumie picha. Hilo peke yake litamfungua macho kuliko maneno mengi. Ongeza sasa miaka ya moshi wa kuni na makovu ya kifua kikuu, na 90 au 91 ya mama inaeleweka. Hata akimhamishia Dar, namba itapanda kidogo, lakini mapafu yatakuwa ni yale yale.

Ndiyo maana daktari alisema 88, na alisema sawa, hata kama alisema mbio. Kwa wagonjwa wa COPD walio katika hatari ya kulimbikiza hewa chafu, yaani kaboni dayoksaidi, madaktari wakitoa oksijeni hulenga kati ya 88 na 92, hawalengi 98. Na hapa naomba umsomee kaka yako neno kwa neno. Mapafu yana kazi mbili, kuingiza oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Kwa baadhi ya wagonjwa wa COPD, oksijeni ikimwagwa nyingi kupita kiasi, ile kazi ya pili inavurugika: kaboni dayoksaidi inarundikana kwenye damu, mgonjwa anaanza kusinzia, anachanganyikiwa, na asiposaidiwa anaweza kuzimia kabisa, huku kidoleni panasoma 98 nzuri ya kupigia picha. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Tasmania, Australia, kwa wagonjwa waliobanwa na kuchukuliwa na gari la wagonjwa. Waliopewa oksijeni kwa kipimo, ikilengwa 88 hadi 92, vifo vyao vilikuwa chini ya nusu ya wale waliofunguliwa oksijeni kwa wingi. Hao walikuwa mikononi mwa watu waliosomea. Kwa mashine ya mtumba inayopandishwa kwa maelekezo ya simu kutoka Dar, mimi sikubali, na daktari wenu hatakubali.

Sisemi mama hatahitaji oksijeni kamwe. Ipo siku anaweza kuihitaji, na kwa anayeihitaji kweli inaongeza maisha. Tangu tafiti mbili za mwanzoni mwa miaka ya 1980, moja ya Marekani na nyingine ya Uingereza, inajulikana kwamba wagonjwa wa COPD ambao oksijeni yao iko chini sana hata wakiwa wametulia huishi muda mrefu zaidi wakitumia oksijeni saa 15 au zaidi kwa siku. Lakini kipimo cha kuwajua hao ni 88 au chini yake, mgonjwa akiwa macho, ametulia na hana mafua wala homa, na kinathibitishwa zaidi ya mara moja kwa kupishanisha wiki kadhaa, ikiwezekana kwa kutoa damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kwenye kifundo cha mkono. Mwaka 2016 Marekani ilitoa majibu ya utafiti mwingine kwa wagonjwa 738 ambao walikuwa na upungufu wa wastani tu, wengi wao wakisoma kati ya 89 na 93 wakiwa wamepumzika. Oksijeni ya nyumbani haikuwaongezea maisha wala haikuwapunguzia kulazwa. Mama yako kwa namba ulizonipa yuko kwenye kundi hilo. Pesa ya mashine kwa sasa ina kazi bora zaidi, nitaitaja.

Sasa kuhusu kupima kwenyewe, kwa sababu nina wasiwasi kwamba nusu ya hofu yenu inatokana na namba zilizochukuliwa vibaya.

Mpime mchana, ameketi, amepumzika angalau dakika tano, hajatoka kupanda kilima wala kukohoa. Mikono iwe na joto: aisugue, au aishike kwenye kikombe cha chai. Mkono utulie mezani au mapajani, asiongee, asitikise. Tumia kidole cha shahada au cha kati, kile kile kila siku, kisiwe na rangi ya kucha. (Wasomaji wangu wa Tanga, Mombasa na Unguja: piko nyeusi kwenye ncha ya kidole nayo inaweza kuzuia mwanga, tafuta kidole ambacho hakikuchorwa.) Ukishabana, usichukue namba ya kwanza inayotokea. Subiri kama dakika nzima mpaka itulie, na uangalie kile kimstari kinachopanda na kushuka kwa mapigo kiwe kinacheza sawasawa. Halafu shika mapigo ya mkononi uhesabu. Yakipishana sana na mapigo ambayo kipimo kinaonyesha, basi na oksijeni iliyoandikwa hapo usiiamini, anza upya. Vile vistari vya usiku ni kipimo kukuambia hakioni damu ya kutosha kwenye kidole kilichopoa. Si habari ya mapafu.

Kuna mtego mwingine ambao nimewaona nao hata wauguzi. Ukikisoma kipimo kikiwa juu chini, 98 inaonekana 86, na 86 inaonekana 98. Siku mama atakaposoma 98 ghafla, usishangilie kabla hujakigeuza.

Na hata ukipima kwa usahihi wote, mashine yenyewe ina ukomo wake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaeleza kwamba kipimo kilichoidhinishwa kikisoma 90, oksijeni halisi ya kwenye damu kwa kawaida iko kati ya 86 na 94. Hicho ni kilichoidhinishwa, achilia mbali vile vinavyouzwa mitaani. Kuhangaika kwamba jana ilikuwa 91 na leo 90 ni kuhangaika na kitu ambacho mashine yenyewe haiwezi kukitofautisha.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi watu weusi moja kwa moja. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa vipimo vya kidole na damu ya ateri. Kati ya wagonjwa weusi waliosomeka 92 hadi 96 kidoleni, karibu asilimia 12 damu yao kwa kweli ilikuwa chini ya 88, na kati ya weupe ni chini ya asilimia 4. Yaani rangi ya ngozi inaweza kukifanya kipimo kituambie tuko salama kuliko tulivyo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu vifaa hivi vinauzwa kwetu kana kwamba vilijaribiwa kwenye vidole vyetu. Kwa mama, lina maana mbili. Kwanza, kibebe kipimo chenu kliniki mkilinganishe na cha hospitali, na mwulize daktari kama damu ya ateri inaweza kupimwa hata mara moja, Mbeya kama hapo haiwezekani. Pili, mama akionekana mgonjwa, namba nzuri isikurudishe kitandani.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Kitu cha kujua ni namba ya mama mwenyewe akiwa katika hali yake ya kawaida, na amesogea kiasi gani kutoka hapo. Wiki mbili za kupima vizuri mchana zitakupa namba hiyo. Tuseme ni 90 au 91. Mpaka daktari akuandikie yake, tumia hivi. Ikishuka hadi 88 au 89 na yeye hana dalili nyingine, mpumzishe, pasha mikono joto, pima tena baada ya nusu saa, na umwangalie siku hiyo kwa karibu. Ikiwa 87 au chini, umerudia kwa utaratibu niliokueleza na imebaki hapo, aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama anasema anajisikia vizuri. Ikifika 85, usisubiri bajaji ya bei nafuu.

Dalili hizi nazo, namba iwe yoyote, hata 94, mpeleke mara moja: hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, anachanganyikiwa, au anasinzia kuliko kawaida na kumwamsha ni kazi, kifua kinauma, midomo, ulimi au fizi zimekuwa za kijivu au bluu. Kwa ngozi zetu tazama ndani ya mdomo, usitegemee uso. Jifunze pia kuhesabu pumzi: tazama kifua kwa dakika nzima kwa saa, akiwa ametulia na hajui kama unahesabu. Zikifika 25 au kuzidi na si kawaida yake, ni ishara kubwa, na mara nyingi inatangulia kabla kidole hakijashuka. Makohozi yakiongezeka, yakibadilika rangi kuwa ya kijani au njano nzito, na pumzi ikawa fupi kwa siku moja au mbili, hapo ndipo pa kuwahi kliniki, kabla ya dharura. Na kwa kuwa aliwahi kuugua kifua kikuu, damu kwenye makohozi, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito vinataka makohozi yapimwe tena.

Usiku, mdogo wangu, acha. Mtu yeyote akilala anapumua kwa uchache kidogo, na mwenye ugonjwa wa mapafu namba inaweza kushuka usingizini kisha ikapanda akiamka. Ile 86 yako, kwenye kidole kilichopoa, mgonjwa amelala, na dakika chache baadaye 91 ameketi, haikuwa ya kumwamshia. Usiipuuze lakini. Iandike, umwambie daktari, na umwambie pia kama mama huamka na kichwa kizito asubuhi au husinzia sana mchana, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za hewa chafu kurundikana usiku. Baada ya hapo, kalale. Mlezi asiyelala ataumwa, na mama atabaki na nani?

Kwa siku za kawaida, mara moja kwa siku inatosha sana, hata mara tatu kwa wiki. Akiwa na mafua au makohozi yamebadilika, asubuhi na jioni. Tafuta daftari: tarehe, saa, oksijeni, mapigo, pumzi kwa dakika, na neno moja la hali yake, amelala vipi, ametembea mpaka wapi. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko picha zote za kwenye grupu.

Na mwachie mama mwenyewe kipimo. Akibane mwenyewe, asome mwenyewe, aandike kwa mkono wake kama anaona vizuri. Anachokataa mama ni kushikwa kidole usingizini na kujadiliwa na watoto wake kana kwamba hayupo. Kaa naye, mwombe radhi kwa tochi za usiku, umweleze mlikuwa mnaogopa. Umuulize pia yeye anataka nini: pengine anachotaka ni kufika kanisani au sokoni bila kusimama njiani mara tano. Hicho kinawezekana kufanyiwa kazi.

Kinafanyiwa kazi hivi. Kliniki, mwombe muuguzi aangalie mama anavyovuta dawa zake, kwa sababu kwa wagonjwa wengi sana dawa huishia hewani na kooni isifike mapafuni. Kama hana kile kichupa cha kuunganisha dawa na mdomo, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ili mdomo wa dawa uingie kwa kubana inafaa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, kwamba inafanya kazi vizuri. Atembee kila siku kwa kadiri ya pumzi, akiongeza taratibu. Mazoezi ya namna hiyo yakisimamiwa huwasaidia hata waliobaki na makovu ya kifua kikuu, na wenzetu wa Makerere, Kampala, wamekuwa wakiyafanyia utafiti. Akibanwa: aketi, ainame mbele kidogo, viwiko juu ya meza, avute kwa pua, atoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Namba inaweza isiongezeke sana, ila hofu itashuka, na hofu yenyewe hubana.

Lililo kubwa kuliko yote ni moshi. Hujaniambia kama bado anaingia jikoni kwenye kuni, na nadhani anaingia, maana mama zetu hawaachi jiko. Kila siku ya moshi inaendelea kula mapafu yaliyobaki, na hakuna dawa ya kuvuta inayoweza kushindana na hilo.

Hapo ndipo mahali pa kaka yako. Usibishane naye juu ya namba. Mpigie pembeni, nje ya grupu, kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa: "Kaka, shikamoo. Najua unaogopa kwa sababu uko mbali, nami naogopa nikiwa karibu. Daktari amesema 90 kwa mama si mbaya, tuangalie asishuke chini ya 88. Na oksijeni nyingi inaweza kumdhuru. Ile pesa ya mashine naomba tumnunulie mama mtungi wa gesi na jiko lake, tuhakikishe dawa za kuvuta haziishi, na iliyobaki iwe akiba ya nauli ya hospitali kwa ghafla. Nitakutumia ukurasa wa daftari kila Jumapili. Siku ya kliniki nitakupigia simu nikiwa kwa daktari usikilize mwenyewe anavyosema." Akikataa, mwombe hilo la mwisho tu. Akishamsikia daktari kwa masikio yake, wewe hutakuwa tena katikati.

Na kliniki ijayo, usione aibu ya foleni. Nenda na daftari, kipimo, na dawa zote mbili. Mwombe daktari aandike kwenye kadi ya mama vitu vitatu: oksijeni yake ya kawaida, ikisoma ngapi muwapigie simu, na ikisoma ngapi mje bila kuuliza. Uliza pia chanjo ya homa ya mapafu na ya mafua ya msimu zinapatikana wapi. Uandike majibu palepale, umpe na mama asome. Kama watampima damu ya ateri, niandikie majibu yake. Naweza kukusaidia kuyaelewa kabla hamjarudi kwa daktari.